Chamfumu na Simba: Jina la Mbwa katika Nchi ya Korogwe na Handeni

Mtu akaaye Ngombezi, kata iliyo katika nchi ya Korogwe kwenye bonde la mto Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani, akipata mtoto wa mbwa wa kulindia mahindi yake na nguruwe na ngedere, hana budi kumpa jina. Jambo hili huonekana dogo, na aghalabu hufanywa kwa haraka. Lakini jina la mbwa halifanani na jina la mbuzi wala la ng'ombe. Mbuzi huitwa zizini, na asikiaye ni mwenyewe tu. Mbwa huitwa kwa sauti kuu, jioni, kutoka shamba hata shamba, na jirani hulisikia jina lile pamoja naye, kila siku, kwa muda wa miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo katika nchi nyingi za Afrika watu wamezoea kumpa mbwa jina la fumbo, mathalani Mtasema au Hawanipendi, ili kumpelekea jirani ujumbe ambao mdomo hauthubutu kuutamka. Jirani akikasirika, mwenye mbwa hujibu kwamba amemwita mbwa wake tu.

Hatari huzidi pale watu wa makabila mengi wanapokaa pamoja, na bonde la Korogwe ni mahali pa namna hiyo. Wazigua, Wasambaa na Wabondei ndio wenyeji. Kisha reli iliyoanza Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakawavuta watu kutoka mbali, hasa tangu wenye mashamba walipounda SILABU mwaka 1944, yaani ofisi yao ya kuandika vibarua. Katika kambi moja Mnyamwezi alikaa ukuta kwa ukuta na Mbena, na Muha na Mmakonde. Jina ambalo kwa huyu ni sauti tupu, kwa yule lilikuwa jina la babu yake. Basi atakaye kumwita mbwa wake kwa jina litokalo katika nchi yenyewe, milima yake, mito yake na habari zake za kale, yafaa ajue kwanza majina hayo ni ya nani.

Kwa bahati njema nchi hii ina habari ya mbwa aliyeandikwa kwa jina lake. Habari hiyo imo katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, Habari za Wakilindi. Mwandishi huyo aliijua nchi kwa macho yake, maana alikaa miaka mingi kwa wafalme wa Usambara, wakati Semboja alipokuwa na nguvu pale Mazinde. Kitabu chake kilipigwa chapa kwanza na misheni ya Magila, kikatolewa tena mwaka 1962 na East African Literature Bureau, kwa usimamizi wa J. W. T. Allen. Huanza na Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, milima iliyo upande wa magharibi wa Uzigua, akawa mfalme wa kwanza wa Wakilindi huko Vuga. Wataalamu wa historia huweka habari hizi katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Mbega alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota. Mtoto wa namna hiyo kwa desturi ya zamani hakuachwa kuishi, kwa maana ilidhaniwa kwamba ataleta mauti katika ukoo. Wazazi wake walimficha asiuawe, lakini walipokufa, jamaa walimwona kuwa ndiye chanzo cha kila msiba, wakamnyima urithi wa baba yake. Mtu aliyekosa ukoo alibaki na mikuki na mbwa. Mbwa wake walikuwa wengi, na mashuhuri kuliko wote aliitwa Chamfumu.

Alipotoka Nguu alikwenda Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mfalme wa huko. Wakaenda kuwinda nguruwe, na katika mawindo yale kijana yule akauawa na nguruwe. Mbega na wenzake walijua kwamba hapana atakayeusikiliza udhuru wao. Wakakimbia usiku ule ule, na mbwa pamoja nao. Msomaji aijuaye nchi aitazame njia hiyo: atokaye Kilindi kwenda milima ya Usambara kwa miguu sharti auvuke Ruvu, nao Ruvu katika siku zile haukuwa na daraja wala reli, bali mamba na vichaka vya ukingoni. Kundi la wakimbizi waliovuka na mbwa wao halikuvuka kimya.

Huko Usambara mbwa ndio waliomfungulia njia. Wasambaa walikuwa na migomba na nafaka, lakini nguruwe waliyaharibu mashamba yao, na nyama ilikuwa adimu. Mbega aliwaua nguruwe, akawapa watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Katika ubadilishaji huo wa nyama kwa chakula ndimo ulimoanza ufalme. Watu wa Bumbuli wakampa mke, aliyemzalia mwana aitwaye Buge, na mwishoni watu wa Vuga wakamkaribisha awe bwana wao, baada ya kumwua simba usiku. Mbega alikuja akiwa mgeni asiye na baba wala mjomba wa kumsemea. Waliomsemea ni mbwa waliowafukuza nguruwe mashambani. Watu waliwaona mbwa wakifanya kazi kabla hawajamjua bwana wao ni nani.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kuwa mwandishi, Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo mate ya mbwa kwao ni najisi ya kuoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, hakuona haya kuliandika jina la mbwa katika tarehe ya wafalme. Kwa kweli sheria yenyewe haikumtupa mbwa wa kuwinda. Kurani katika sura ya tano inahalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, na katika habari za watu wa pangoni mbwa analala kizingitini pamoja na wacha Mungu. Mapokeo yakampa mbwa yule jina la Kitimiri. Ajabu ni kwamba pwani jina hilo hilo huitwa pepo mbaya, na pengine ndiyo sababu hasikiki mtu akimwita mbwa wake hivyo.

Sasa Chamfumu alikuwa mbwa wa mtu aliyemwua simba, lakini yeye mwenyewe hakuitwa Simba. Leo Simba ni jina la mbwa lisikiwalo kila mahali kutoka Mombasa hata Mbeya. Mtu hulitoa bila kufikiri: mbwa ni mkali, simba ni mkali, basi. Katika bonde la Korogwe, hata hivyo, ukiinua macho kaskazini unaiona milima ambayo kwayo neno hili halikuwa la mnyama peke yake. Mfalme wa Vuga aliitwa Simba Mwene. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, wakati wa Kimweri ye Nyumbai, alilisikia jina hilo la heshima akaliandika. Kimweri alitawala hata alipofariki mwaka 1862, na enzi yake ilishuka milimani ikafika pwani. Burton na Speke walipopanda Vuga mwezi wa Februari 1857 walimkuta mzee sana, lakini hapakuwa na mgeni aliyeruhusiwa kupita nchi ile bila idhini yake.

Wala jina hilo halikukaa Usambara tu. Kisabengo, Mzigua aliyepata nguvu kwa vita na biashara ya watumwa, alijenga mji wenye boma chini ya milima ya Uluguru, karibu na Morogoro ya leo, nao mji ukajulikana kwa jina la Simbamwene. Alipokufa, binti yake alitawala mahali pake, akaitwa kwa jina lile lile. Hivi neno moja lilikuwa sifa ya mfalme, jina la mji na jina la malkia. Amri ya machifu iliondolewa Tanganyika mwaka 1963, lakini sheria haiondoi heshima katika masikio ya wazee. Kijana wa Ngombezi amwitaye mbwa wake Simba hana nia mbaya. Wala hapana atakayemshtaki. Lakini akisema kwamba amechagua jina hilo ili kuitukuza nchi yake, amechukua taji akamvika mlinzi wa mahindi.

Mtu aliyeufanya mji wa Simbamwene ujulikane Ulaya alikuwa Stanley, aliyepita hapo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Msafara wake ulikuwa na mbwa wa ulinzi aliyetoka Bara Hindi, na Stanley aeleza kwamba aliitwa Omar, kwa ajili ya asili yake ya Kituruki. Hapa ndipo shauri la kuchagua jina kwa kufuata utamaduni wa nchi linapoonyesha ubaya wake wazi. Aliyetoa jina alifikiri hivi: mbwa ni wa Kituruki, Waturuki ni Waislamu, Omar ni jina la Kiislamu; basi limefaa. Lakini Omar ni jina la khalifa wa pili, na ni jina ambalo katika kila mtaa wa Unguja na Bagamoyo lilikuwa na mwenyewe. Askari na wapagazi wake wengi walitoka Unguja. Kila usiku kambini walisikia jina la Seyidina Omar likiitwa ili mwenye jina apewe mfupa. Mbwa yule hakufika mbali. Alikufa njiani karibu na mbuga ya Mkata, ambako mvua na matope viliwaua na punda wengi. Katika safari yake iliyofuata, iliyoanza mwaka 1874, Stanley alichukua mbwa watano, nao waliitwa Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Hayo yalikuwa majina ya kwao, na hapana aliyeudhika kwayo.

Isidhaniwe kwamba kosa hili ni la Stanley peke yake. Masetla wa Kizungu katika Afrika ya Mashariki walizoea kumwita mbwa wa kienyeji mbwa shenzi, neno lile lile walilowatupia wenye mbwa. Na mbwa wa Kongo asiyebweka, aliyepelekwa Uingereza na kuonyeshwa London mwaka 1937, alipewa jina la Basenji, ambalo ni ndugu wa washenzi. Jina hilo limeenea duniani, na watu wapole sana hulitamka kwa mapenzi wasijue walisemalo. Mmoja wa mbwa hao aliye mashuhuri, Fula, aliandikwa kuwa ni Fula wa Kongo, hali alipatikana kusini ya Sudan mwaka 1959. Nchi iliyotajwa katika jina wala haikuwa nchi aliyotoka.

Basi majina ya mahali yabaki. Hayo kwa kiasi ni salama zaidi kuliko majina ya watu na ya vyeo, lakini nayo yana uzito tofauti. Vuga ni kiti cha wafalme na mahali pa makaburi yao, na hukumu yake ni ile ile ya Simba Mwene. Tongwe, mlima ambao Burton mwaka 1857 aliukuta una askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Unguja, ni jina la ngome na ulinzi, linatamkika vizuri, na halimgusi mtu. Ruvu ni jina zuri kwa sikio, ila katika bonde la mamba, mtu asimamaye ukingoni wakati wa magharibi akapiga kelele "Ruvu! Ruvu!" huenda akawatoa watu nyumbani na mikuki na kamba. Nguu ni jina fupi mno, tena lina mvuto wa sauti unaopotea upesi mbali. Hilo nalo ni jambo la kupimwa, maana Kiswahili, kama lugha za jirani zake, hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo mwitaji anapolivuta jina: Chamfuumu. Silabi tatu za Chamfumu zinamruhusu mtu kukusanya pumzi katika ya kwanza, kuzitoa katika ya pili, na kufunga katika ya tatu. Wawindaji wa Nguu hawakusoma sarufi, lakini walikuwa na sababu ya kujua ni jina gani linalofika ng'ambo ya pori.

Kilindi, alikopita Mbega akikimbia, imekuwa wilaya tangu mwaka 2002, ilipokatwa kutoka Handeni. Bumbuli na Vuga zimo katika ramani. Mbega mwenyewe anatajwa katika vitabu vya shule. Chamfumu hana mlima wala mto ulioitwa kwa jina lake. Alikuwa mbwa, na jina lake lilikuwa la mbwa tangu mwanzo, wala halikunyang'anywa kwa mfalme, kwa khalifa, au kwa watu wa mbali waliotukanwa. Kutoka Ngombezi hata mashamba ya ng'ambo, upande wa Handeni, mtu angeweza kuliita jioni kwa sauti yake yote, mzee wa Kizigua na mzee wa Kisambaa wakalisikia pamoja, na kila mmoja akaendelea na chakula chake.