Sauti Pasipo Sura: Vichekesho Kabla ya Televisheni katika Wilaya za Mbulu na Hanang
Katuni za Abbott na Costello zilipoanza kurushwa Marekani mwaka 1967, Costello alikuwa amekwisha kufariki tangu 1959. Abbott aliigiza sauti yake mwenyewe. Ya mwenzake iliigizwa na Stan Irwin. Televisheni ilihifadhi sura kwa michoro, ikaazima sauti.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, zilizomo leo mkoani Manyara, mambo yalikuwa kinyume. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kabla ya hapo, Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliwafikia wenye redio kwa sauti pasipo sura, tena kwa Kiswahili, miongoni mwa Wairaqw na Wadatoga wenye lugha zao. Kuchora sura kulibaki kazi ya msikilizaji.

Kwa hiyo, ni kosa kuihesabu miaka hiyo kuwa pengo katika historia ya vichekesho. Mtafiti anayewauliza wazee walitazama nini huliumba pengo hilo yeye mwenyewe. Hana budi kuuliza walisikia nini, na mapema, kwani ushahidi huo umo vifuani mwa watu wanaozeeka.