Zanzibar (michoro ya Lubaina Himid)

Zanzibar ni mfululizo wa michoro ya dhahania iliyochorwa kwa rangi za akriliki na msanii Lubaina Himid, Mwingereza mzaliwa wa Unguja. Michoro hiyo ilikamilika mwaka 1999.

Himid alizaliwa mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria mtoto akiwa na umri wa miezi michache tu, na mama yake, mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Alikanyaga tena ardhi ya Zanzibar mwaka 1997, akiwa na zaidi ya miaka 40. Michoro ilitokana na safari hiyo.

Anayemfahamu Himid kwa kazi zake nyingine atashangaa hapa. Kwa kawaida huchora watu: watumwa, watumishi, mabaharia, wanawake wakiongea. Katika Zanzibar hakuna mtu hata mmoja. Kuna turubai zilizopangwa jozi jozi, rangi kali, na maumbo yanayojirudia. Habari ya msiba imeachiwa rangi na majina ya michoro. Mmoja wao una jina lenye maana ya machozi ya wanawake kuijaza bahari. Pengine ndiyo njia ya kweli zaidi ya kuchora mahali ambapo mchoraji alitoka bila kubaki na kumbukumbu yoyote.

Akriliki ni rangi iliyochanganywa na utomvu wa plastiki. Huzimuliwa kwa maji na kukauka kwa dakika chache, tofauti na rangi ya mafuta inayoweza kuchukua siku kadhaa. Kwa hiyo tabaka moja hupakwa juu ya lingine upesi bila rangi kuchafuana.

Mwaka 2023 mfululizo huo ulionyeshwa Sharjah, Falme za Kiarabu, pamoja na kazi ya sauti ya Magda Stawarska.

Mapenzi ya Himid kwa ruwaza yanaonekana pia katika kazi zake zinazofuata muundo wa kanga, yaani pindo, mji na jina. Kanga za namna hiyo zilitundikwa kama bendera katika maonyesho yake ya Gateshead mwaka 2018. Mwaka uliotangulia alishinda Tuzo ya Turner, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Alikuwa na miaka 63. Sharti la washindani kuwa chini ya miaka 50 lilikuwa limefutwa mwaka huohuo.