Nani Aliwalipia Nauli Wanasayansi wa Pugwash?

Historia ya silaha za nyuklia haiko mbali nasi kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya urani iliyotengenezea bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière. Katika migodi ya kampuni hiyo, wafanyakazi wa makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili. Mawe yale yalikokwenda ilikuwa siri ya vita.

Siri hiyo haikuisha vita vilipokwisha. Aliyezijua silaha hizi vizuri aliajiriwa na serikali na kufungwa mdomo kwa sheria. Asiyeajiriwa aliambiwa hajui kitu. Kwa hiyo raia alibaki kusadiki tu anachoambiwa na wakubwa.

Mmoja wa waliolivunja duara hilo ni Joseph Rotblat, mwanafizikia aliyezaliwa Warsaw mwaka 1908. Alijiunga na mradi wa bomu huko Los Alamos, lakini mwishoni mwa 1944, ilipodhihirika kwamba Ujerumani haitengenezi bomu, aliondoka. Baadaye alifanya kazi ya fizikia ya tiba katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yenye mionzi yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani. Rotblat alipata vipimo vya majivu hayo kutoka kwa mwanasayansi wa Japani, akapiga hesabu zake, akagundua kwamba bomu lile lilikuwa chafu kuliko umma ulivyoelezwa. Matokeo aliyachapisha mwaka 1955.

Mwaka huohuo, tarehe 9 Julai, Bertrand Russell alitangaza jijini London tamko lililotiwa saini na watu 11, akiwemo Albert Einstein, ambaye alitia saini siku chache kabla ya kufariki. Tamko liliwaita wanasayansi wa pande zote mbili wakutane. Kukutana kunahitaji nauli na malazi, na tamko halikuwa na senti. Mkutano ulikusudiwa kufanyika India, lakini mgogoro wa Suez wa 1956 ukavuruga mipango hiyo. Hapo akajitokeza Cyrus Eaton, tajiri wa viwanda na reli mzaliwa wa Kanada, akajitolea kulipia gharama iwapo watakutana kijijini kwao, Pugwash, katika jimbo la Nova Scotia.

Walikutana Julai 1957, wanasayansi 22 kutoka nchi 10: Wamarekani 7, Warusi 3, Wajapani 3, na wengineo, hata Mchina mmoja. Kila mmoja alizungumza kwa niaba yake mwenyewe. Walijadili madhara ya mionzi, udhibiti wa silaha na wajibu wa mwanasayansi.

Fedha za mtu mmoja zina mzigo wake, nami naona hili halisemwi vya kutosha mkutano ule unaposifiwa. Eaton hakuficha urafiki wake na viongozi wa Moscow, na mwaka 1960 akapewa Tuzo ya Amani ya Lenin. Mwaka uliofuata kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti ya kuushuku mfululizo wa mikutano hiyo. Wanasayansi wenyewe walikwisha kuanza kutafuta wafadhili wengine. Mkutano wa Septemba 1958 ulifanyika Austria kwa fedha za huko. Rotblat aliendelea kuwa katibu mkuu hadi 1973.

Katika mkutano wa London wa 1962, wataalamu wa Marekani na wa Kisovieti walipendekeza kwa pamoja visanduku vilivyofungwa vya kupimia mitetemo ya ardhi, ili majaribio ya chinichini yagundulike bila wakaguzi wengi kuingia nchi ya mwenzao. Wazo hilo lilifika kwenye meza za serikali. Lakini Marekani ilishikilia ukaguzi 7 kwa mwaka na Umoja wa Kisovieti 3, na mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 5 Agosti 1963 ukapiga marufuku majaribio ya angani, anga za juu na chini ya maji tu. Ya chini ya ardhi yaliendelea.