Siri za Kaunta Buku
Sehemu ya Tano

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Usiku wa Jumamosi, Novemba 3, 2018, mpwa wangu aliingia akihema. "Mjomba, lile kaunta buku lako la zamani nililiuza kwa muuza karanga, afungie. Sasa liko kwa mwenyekiti wa mtaa. Anakuita. Kasema uende peke yako."

SASA ENDELEA...

Nilivuta boksi la chini ya kitanda. Vyeti vya uuguzi vilikuwepo, sare nyeupe ilikuwepo, barua ya kustaafu ilikuwepo. Kaunta buku halikuwepo.

"Alinipa elfu moja, Mjomba," kijana alisema huku machozi yakimlengalenga. "Nilidhani ni makaratasi tu."

Sikumkaripia. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno kwenye posa, kwenye msiba na kwenye shamba. Ndiyo maana nimeozesha wapwa, nimegawa mashamba ya ukoo huko Matombo, na sijawahi kuonekana mtu mpweke kwa kukosa mke. Bigwa nzima iliniita Dokta, ingawa mimi ni nesi, na wapwa wakaniita Mjomba. Majina hayo mawili yalinitosha kuwa ngao.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Mtaa unamjua kama mpangaji wangu wa chumba cha uani, fundi cherehani, mtu wa taratibu. Alihamia mwaka 1992, mwaka ule ambao wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikabidhi kambi yao ya Mazimbu wakarudi kwao. Kila mwisho wa mwezi ananilipa kodi barazani, watu wakiona. Usiku noti zile naziweka kwenye kopo la chumvi, na asubuhi yeye mwenyewe anazichukua kwenda kununulia nyama. Kodi hiyo imezunguka hivyo miaka yote.

"Usiende," aliniambia. "Panda basi la alfajiri, ukae kwa dada yako hadi upepo upite."

"Nikikimbia nitakuwa nimejibu kabla sijaulizwa."

Alikaa kimya. Alijua ninachokijua. Jumatatu iliyopita, Oktoba 29, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alikuwa ametangaza kuunda timu ya kuwasaka mashoga, akawaomba wananchi wampelekee majina. Dar ni Dar na Morogoro ni Morogoro, lakini magrupu ya WhatsApp hayana mpaka wa mkoa. Hata vijana wa kijiwe cha bodaboda walikuwa wakitaniana kwamba nao waandike orodha yao.

Wastaafu wenzangu walikuwa hawalali kwa sababu ya kikokotoo cha pensheni. Kanuni mpya zilisema mkupuo ni asilimia 25, wakati wapo waliotegemea nusu. Hesabu iliyoninyima usingizi mimi ilikuwa nyingine. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Nina miaka 60. Jumlisha mwenyewe.

"Wale vijana wa Mazimbu tumewalea sisi," Fundi alisema akijaribu kucheka. "Wakaenda kwao, mwaka 1996 wakaandika katiba inayowalinda watu kama sisi, ya kwanza duniani. Sisi wenyeji wao tukabaki na kaunta buku."

"Funga mlango," nilimwambia. "Usimfungulie mtu."

Nilishika njia. Kwenye kijiwe vijana watatu waliniamkia, "Shikamoo, Dokta." Niliitikia marahaba. Wawili kati yao niliwachoma chanjo mimi. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilijiuliza kama kesho wataniamkia.

Njia nzima nilikuwa nalisoma daftari lile kichwani. Nililianza miaka ya tisini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983, na ulipotufikia sisi, wodini hatukuwa na cha kuwapa zaidi ya dawa ya maumivu na maneno ya kutia moyo. Wakirudishwa nyumbani, ndugu waliwatenga hadi kijiko. Ndipo tukajikusanya wachache, wengi wao akina mama, tukawa wahudumu wa majumbani. Jioni baada ya zamu tulipanda mlima na ndoo, glovu, sabuni na unga wa lishe. Tulifua mashuka, tuligeuza wagonjwa wasiote vidonda, tuliwafundisha ndugu zao kwamba kula sahani moja hakuambukizi.

Baadhi yao walikuwa wanaume walioficha mambo mawili, ugonjwa na mapenzi yao. Hao niliwaandika kwa namba badala ya jina. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, namba zikaanza kunenepa na kurudi kazini. Juu ya jalada niliandika neno moja: WENZETU.

Kisha Februari 2017 wizara ikavifunga vituo 40 vilivyokuwa vikihudumia makundi maalumu. Vijana wakaanza kubisha mlango wangu wa uani usiku, wakiuliza watapata wapi dozi bila kuhojiwa maswali mengi. Nikawaandika nao. Namba, tarehe ya kliniki, basi.

Mwenyekiti alikuwa sebuleni peke yake. Taa ilikuwa juu, kaunta buku mezani, miwani puani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Dokta. Kaa."

Hakunikaribisha chai. Alilifungua daftari penye alama ya kijiti cha kiberiti. Baadhi ya kurasa zilikuwa zimeshachanwa, na pembeni kulikuwa na chembe za chumvi ya karanga.

"Mke wangu alinunua karanga," alisema. "Karatasi iliyofungiwa ilikuwa na tarehe. Nikamfuata muuzaji nikalinunua lililobaki. Hawa wenzetu ni akina nani, Dokta?"

"Ni wagonjwa, mzee. Nilikula kiapo."

"Umeshastaafu."

"Kiapo hakina kikokotoo."

Aliiweka simu yake juu ya meza, taratibu, kioo kikiangalia juu. Kisha akanisogezea daftari na kuweka kidole kwenye mstari. Nilisoma bila kuinama: *Namba 11. Uji nusu kikombe. Amekataa maji. Agosti 14, 2003, saa kumi alfajiri.*

"Tarehe hiyo nilimzika mwanangu pale Kola," alisema. "Niliambiwa ni kifua. Huyu namba 11 ni nani?"

Nikisema siye, nimemkana maiti. Nikisema ndiye, nimevunja ahadi niliyomwekea kijana mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono. Nikanyamaza.

"Basi nijibu jingine, jepesi," aliendelea. "Kurasa zote mwandiko ni wako. Mistari hii miwili si wako. Mwandiko huu naujua tangu 1969, nilipokuwa naupokea kwenye barua za uchumba."

Pazia la chumbani likasogea. Mama akatoka, khanga begani, hakuniangalia.

"Ni wangu," alisema. "Dokta alikuwa ametoka kuchemsha maji. Niliandika mimi, ili kazi yake isipungue. Mwanao alikuwa namba 11, baba. Nimelijua hilo miaka 15, na hukuniuliza hata siku moja."

Mwenyekiti alivua miwani. Mkono ulimtetemeka juu ya simu.

"Kuna la pili," Mama akasema, na safari hii macho yake yalikuwa kwangu. "Hili hata wewe Dokta hulijui. Kabla hajakata roho alitaja jina. Hakumtaja baba yake, wala mimi. Alimtaja mpangaji wako."

Sikuhisi miguu yangu.

Na hapo hapo mlango wa nje ukagongwa. "Hodi wenyewe," ilisema sauti ninayoijua kuliko zote duniani.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

Je, Fundi na namba 11 walikuwa nani kwa kila mmoja? Mwenyekiti atapiga simu au atafungua mlango? Msomaji, usikose sehemu ya sita, na kama kwako yapo madaftari ya zamani, usimuuzie muuza karanga kabla hujayasoma.