Historia ya Sindano Nyumbani Kwetu



Katika kijitabu hiki cha miaka kumi wenzangu wameandika habari za hisa, za mikopo na za sanduku letu. Mimi nimepewa kazi ya historia, nami nimechagua historia ya sindano. Sababu ni hii. Kila tunapogawa mikopo swali hurudi lile lile: mama akiomba fedha za cherehani, akasema wazi kwamba anataka kuwashonea wanawe nyumbani wala si kufungua kibanda cha ufundi, je, huo ni mkopo wa maendeleo au ni matumizi tu? Wapo wanaosema ni matumizi, maana hakuna kinachouzwa. Naomba kabla hatujajibu tena tuangalie nyuma kidogo.

Pwani hii watu wamejua kusokota na kufuma tangu zamani sana. Huko Kilwa wachunguzi wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vidogo vya udongo vya kusokotea nyuzi. Ibn Battuta, aliyepita pwani mwaka 1331, alizisifu nguo za Mogadishu zilizopelekwa mpaka Misri. Lakini nguo za kigeni nazo zikaja kwa wingi. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za kutoka Salem zikawa zinaleta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Ndiyo asili ya jina merikani. Kile cha rangi ya nili iliyokolea kikaitwa kaniki.

Nguo hizo zilipita hapa kwetu mabegani mwa wapagazi, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi, kutoka Bagamoyo kupitia Ukwere kwenda bara. Nazo ndizo zilikuwa fedha. Hongo ya kupita kwenye nchi za watu ililipwa kwa doti, na chakula cha njiani kilinunuliwa kwa nguo. Doti moja ilikuwa yadi nne. Leo ukimwambia mwenye duka "nipe doti moja ya kanga" unatumia kipimo cha misafara ile ile. Sasa hebu tufikiri: kama nguo ilikuwa ni fedha, basi mama aliyeweza kuipinda, kuitia kiraka na kuigeuza ikadumu miaka miwili badala ya mmoja alikuwa anafanya nini kama si kuweka akiba? Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoifanya merikani iadimike, wafanyabiashara walileta nguo za Uingereza na Bombay. Wa nyumbani alitumia sindano.

Kanga yenyewe, ambayo hakuna mwanachama wetu asiyekuwa nayo, ni mtoto wa sindano. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso, jina lililotoka kwa Wareno, za rangi zilizouzwa kwa jora. Hawakuzikata moja moja. Walikata leso sita, wakaziunga tatu kwa mbili, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Yaani mtindo ulianzia mikononi mwa wanawake, ndipo wenye maduka wakaona faida na kuagiza nguo iliyokwisha chapwa kwa upana huo. Mmoja wa waliovuma ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887 na ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamezoea kufungwa merikani na kaniki waliiacha na kushika kanga, ili wasionekane tena kama watumwa. Si jambo dogo hilo. Hata leo kanga hutoka dukani ikiwa haijakatwa. Ni wewe unayeitenganisha na kuipinda, na pindo likiwa baya utasemwa.

Cherehani ilikuja na mambo mengine. Singer alipata hati ya mashine yake mwaka 1851, na kabla ya karne kwisha ilikuwa imefika pwani. Lakini huku kwetu ilikaa barazani, na aliyekaa nyuma yake alikuwa mwanamume. Alipoketi mwanamume iliitwa kazi, ikalipiwa. Ndani ya nyumba mama alipopiga bandi kwa mkono, kwa mwanga wa kibatari, haikuitwa kitu. Nadhani mzizi wa ubishi wetu uko hapa. Baada ya Uhuru, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulioundwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, pamoja na madarasa ya maendeleo ya jamii, ndipo wengi wa mama zetu walipofundishwa kukata gauni kwa kipimo na kukanyaga cherehani wenyewe.

Niseme na habari za wanasesere, maana vijana hucheka nikizitaja. Kwetu Wakwere, na kwa jirani zetu Wazaramo na Wadoe, mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kisanamu cha mti chenye kichwa kilichochongwa kama nywele zilizosukwa. Kile hakikuwa cha mchezo. Mwali alikitunza na kukipaka mafuta kama anavyotunzwa mtoto, na kiliheshimiwa. Mwanasesere wa kuchezea alikuwa mwingine kabisa: kitambaa kilichoviringishwa, sufi ya kujazia tumbo (msufi haukuwa mbali), uzi mweusi kwa macho na nywele. Bibi alimshona mwili tu. Nguo zake alishona mtoto mwenyewe, kwa vipande vilivyookotwa chini ya cherehani ya fundi. Basi mtoto wa miaka saba alikuwa amekwisha kujua kutunga uzi, kupiga fundo, kupinda na kufumua alipokosea, na hakuna aliyempeleka shule ya ufundi. Watoto wa kiume nao walifunga matambara kwa kamba mpaka yakawa mpira wa chandimu. Siku hizi mdoli wa plastiki wa kutoka China huvunjika mguu wiki ya kwanza, na mtoto hajifunzi kitu isipokuwa kulia.

Wakati ambao sindano ilituokoa kweli kweli ni miaka ya mwanzo ya themanini. Viwanda vyetu tulikuwa navyo. Urafiki pale Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, vipuri vikakosekana, na nguo zikapotea madukani. Mwaka 1983 ulikuja msako wa wahujumu uchumi. Wenye umri wa kukumbuka wanajua foleni ya duka la ushirika, doti moja ikigombewa na nyumba nzima. Hata sanda ilikuwa shida. Ndipo mifuko ya kitambaa ya unga ikafumuliwa ikawa kaptula, gauni la mama likakatwa likawa la binti, na kanga kuukuu ikawa mbeleko, kisha winda, kisha tambara la jikoni. Kuna watoto waliokwenda shule kwa sababu tu mama yao alikuwa na sindano.

Kuanzia mwaka 1984 milango ya bidhaa ilifunguliwa, na baada yake mitumba ikaingia. Kwa kweli mitumba ilitusitiri, sitaisema vibaya. Lakini viwanda vingi vya nguo vilifungwa katika miaka ya tisini, na mabinti wengi waliacha kushona kwa kuwa gauni la mnadani lilikuwa rahisi kuliko kitambaa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza mitumba mpaka iishe. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru, na nchi yetu ikarudi nyuma. Maana yake ni kwamba nguo ya mtoto wa Lugoba bado inaamuliwa mbali, kama enzi za merikani.

Kitu kimoja hakipatikani kirahisi kwenye marobota ya mitumba, nacho ni sare ya shule. Ada ya shule ya msingi iliondolewa, sare ikabaki mzigo wa mzazi. Kila Januari hapa kwetu, kuanzia madukani mpaka kwa wanaoponda kokoto, ni sketi ya buluu na shati jeupe, na mwenye watoto wanne anahesabu mara nne. Tukifungua daftari letu la mikopo tutaona wangapi huja kukopa mwezi huo kwa ajili hiyo hiyo, na mwaka unaofuata wakaja tena. Mama anayeomba cherehani anaomba mara moja.