'Leverage': wenzo wa fundi, mkopo wa mwekezaji

KATIKA kurasa za biashara za magazeti ya Kiingereza, ni nadra wiki kupita bila neno 'leverage' kujitokeza. Mara kampuni fulani inaelezwa kuwa na 'leverage' kubwa kupita kiasi, mara benki zinaagizwa kuipunguza, mara mwanasiasa anatajwa kuwa alikwenda kwenye mazungumzo hali hana 'leverage' yoyote. Msomaji anayefungua kamusi kutafuta msaada hukutana na maelezo mafupi yanayomwacha njia panda: nguvu ya wenzo. Hapo hujiuliza wenzo na benki vilikutana wapi.

Vilikutana kwenye kuinua. Asili ya neno hilo ni Kifaransa cha kale, na nyuma yake Kilatini, ambako kitenzi cha kuinua kina mzizi mmoja na sifa ya wepesi. Kuinua kitu, kwa fikra za Warumi, ni kukifanya chepesi. Waingereza walianza kulitumia neno 'leverage' kwa kazi ya wenzo katika karne ya 18. Maana ya fedha ilikuja baadaye sana, nayo ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1930, wakati taifa hilo lilipokuwa bado linauguza majeraha ya anguko la soko la hisa la mwaka 1929. Tutalirudia anguko hilo, kwa sababu si jambo la bahati kwamba neno na msiba vilifuatana.

Tuanze na fundi. Dereva aliyepasukiwa na tairi barabarani anajua taabu ya nati iliyokazwa ikakaa miaka. Anaikanyaga spana hadi jasho linamtoka, nati haitikisiki. Fundi wa gereji akifika hatafuti nguvu zaidi. Anachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana, urefu unakuwa mara mbili, anasukuma kwa mkono mmoja na nati inalegea. Kilichobadilika ni umbali kati ya mkono wake na nati, basi.

Waliosoma sayansi katika shule ya msingi watakumbuka majina ya sehemu tatu za wenzo: mzigo, jitihada na egemeo. Chukua mtaimbo wa mita 2. Uweke juu ya jiwe dogo ambalo ndilo egemeo, ncha moja iingie chini ya jabali la kilo 540, na kutoka egemeo hadi kwenye jabali pawe na sentimeta 20 tu. Upande wako zinabaki sentimeta 180, yaani mara 9. Ukikandamiza kwa uzito wa kilo 60, ambao ni uzito wa mtu mzima wa kawaida, jabali linainuka. Walimu huita hesabu hiyo manufaa ya kimakanika.

Lakini mwalimu mzuri haishii hapo. Huwaambia wanafunzi wapime pia mwendo. Ili jabali lipande sentimeta 5, mkono wako unapaswa kushuka sentimeta 45. Ulichopunguziwa kwenye nguvu umelipishwa kwenye umbali, na kazi iliyofanyika ni ile ile. Wenzo hauzalishi chochote. Unabadilisha kimoja kwa kingine, kama mvunja fedha anayekupa noti moja kwa sarafu nyingi.

Arkimedi wa Sirakusa, mtaalamu wa hesabu wa karne ya 3 kabla ya Kristo, ndiye aliyeithibitisha kanuni hiyo kwa hesabu. Inasimuliwa kwamba alijigamba kuwa angepewa mahali pa kusimama angeisogeza dunia. Majigambo hayo yanaweza kupimwa. Uzito wa dunia ni kilo zinazoandikwa kwa 6 ikifuatiwa na sifuri 24. Mtu wa kilo 60 angehitaji wenzo ambao upande wake una urefu mara 1 yenye sifuri 23 kuliko upande wa mzigo, na ili dunia isogee sentimeta moja tu, mkono wake ungesafiri umbali ambao mwanga wenyewe huhitaji takriban miaka 100,000 kuumaliza. Mgiriki huyo alikuwa sahihi kabisa kwa kanuni. Tatizo lake lingekuwa muda, na mahali pa kusimama.

Sasa tuingie benki. Wenye fedha waliliazima neno hilo kwa sababu waliona jambo linalofanana: mtu mwenye mtaji mdogo anatumia fedha za mwingine kuinua mali ambayo peke yake asingeiweza. Mtaji wake ndio jitihada, mali ndiyo mzigo, na mkopo ndio urefu wa mtaimbo. Waingereza, ambao hupenda kutofautiana na Wamarekani hata pale wasipolazimika, waliliita jambo hilo hilo kwa jina la gia, wakifikiria meno ya gurudumu kubwa yakizungusha gurudumu dogo. Mwendesha baiskeli hahitaji kuelezwa zaidi.

Mfano wa hesabu ni huu. Mama mmoja ana shilingi milioni 2, naye anaona kiwanja cha shilingi milioni 10. Anakopa milioni 8 na kukinunua. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka, yaani shilingi milioni 1.2. Mwaka ukiisha kiwanja kimepanda bei kwa asilimia 20, anakiuza milioni 12, analipa deni na riba, mkononi inabaki milioni 2.8. Amepata faida ya 800,000 juu ya mtaji wa milioni 2, sawa na asilimia 40. Jirani yake aliyenunua kiwanja cha milioni 2 kwa fedha zake mwenyewe, bei ikapanda vivyo hivyo, amepata 400,000. Wenzo umefanya kazi.

Sasa bei isipande kwa asilimia 20 bali 12. Kiwanja kinauzwa milioni 11.2, na faida yote ya milioni 1.2 inamezwa na riba. Mama wa watu hana alichopata, ilhali jirani ameweka kibindoni 240,000. Bei ikisimama pale pale, jirani hakupoteza kitu, lakini mama amepoteza milioni 1.2 katika 2 alizokuwa nazo. Na ikishuka kwa asilimia 20, fedha ya kiwanja inatosha kulipa deni tu, mtaji wake wote umekwenda na riba bado anadaiwa. Jirani amepungukiwa 400,000 na bado analala usingizi.

Ukizipitia hesabu hizo kwa makini utaona mahali egemeo lilipo. Ni riba. Kiwanja kikipanda kwa zaidi ya asilimia 15, aliyekopa anampita jirani. Kikipanda kwa chini ya hapo, hata kama kimepanda, jirani ndiye aliyefanya vizuri. Kwa mawazo yangu hili ndilo linalosahaulika zaidi katika mazungumzo ya mitaani kuhusu mikopo ya biashara. Watu huuliza kama mali itapanda bei, nao hupata jibu kwamba itapanda. Swali lilipaswa kuwa itaizidi riba au la.

Kuna tofauti nyingine kati ya mtaimbo na mkopo, nayo inauma zaidi. Anayeinua jabali akichoka anaweza kuweka kijiwe chini yake, akapumzika, akaendelea kesho. Mkopo una tarehe.

Wakenya wengi walilijua hilo mwaka 2008. Serikali ya Kenya iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa za kampuni ya simu ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Waombaji walizidi 800,000, na miongoni mwao walikuwamo waliokopa benki ili waombe hisa nyingi iwezekanavyo, wakitarajia kuuza siku za mwanzo, kulipa deni na kubaki na faida. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kwa mbali, hata wananchi wa kawaida wakagawiwa kiasi cha hisa 21 tu kwa kila 100 walizoomba. Mtu aliyekopa shilingi 100,000 akapata hisa za shilingi 21,000. Fedha iliyobaki ilirudishwa baadaye, lakini riba iliyokuwa ikihesabiwa ni ya 100,000.

Hisa hizo zilianza kuuzwa sokoni Juni 9, 2008 na bei ikapanda hadi kupita shilingi 7. Waliouza mapema waliondoka salama. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5, na mapema mwaka 2009 ilishuka chini ya 3. Kwa bei ya shilingi 3, hisa za shilingi 21,000 zilikuwa zimebaki na thamani ya 12,600, na deni halikupungua hata senti. Aliyelazimika kuuza ili alipe benki aliuza kwa hasara hiyo. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kuzifungia kabatini, na mwaka 2021 bei ya hisa moja ilivuka shilingi 40. Kampuni ilikuwa moja na bei ya kununulia ilikuwa moja. Kilichowatenganisha watu hao wawili ni kwamba mmoja alikuwa na ruhusa ya kusubiri.

Mwaka huo huo dunia nzima ilijifunza somo hilo kwa tarakimu kubwa zaidi. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ya New York, mwishoni mwa Novemba 2007, ilikuwa na mali za zaidi ya dola 30 kwa kila dola moja ya wenye hisa. Kwa uwiano huo, mali ikishuka thamani kwa asilimia 3 na kitu, mtaji wote umekwisha. Ilipoomba kinga ya kufilisika Septemba 15, 2008, ilitangaza mali za dola bilioni 639 na madeni ya dola bilioni 613. Msomaji atashangaa: mali si zilizidi madeni? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini waliokuwa wameikopesha walitaka fedha zao siku ile, na majengo na hati za mikopo ya nyumba haviuzwi kwa siku moja bila kutupwa bei.

Wamarekani hawakuwa wageni wa jambo hilo. Kabla ya anguko la 1929, mteja wa soko la hisa aliweza kutoa asilimia 10 hivi ya bei na kukopeshwa na dalali kiasi kilichobaki. Bei zilipoanza kushuka, madalali walidai nyongeza ya fedha, wateja wasio nazo wakauziwa hisa zao kwa lazima, na mauzo hayo yakazidi kuishusha bei. Sheria ya mwaka 1934 iliipa Benki Kuu ya nchi hiyo mamlaka ya kupanga kiwango cha mikopo ya namna hiyo, na tangu 1974 mnunuzi hutakiwa kutanguliza angalau nusu ya bei. Kwa upande wa benki, kanuni za kimataifa zijulikanazo kama Basel III, zilizotungwa baada ya msukosuko wa 2008, zinazitaka ziwe na mtaji usiopungua asilimia 3 ya mali zote. Ni vyema kukumbuka kwamba asilimia 3 bado inaruhusu mali mara 33 ya mtaji. Wakali wa mambo haya husema ni kidogo mno, nami sioni pa kuwakosoa.

Siku hizi neno hili limehamia kwenye simu za mkononi. Vijana wa mijini wanaofanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni huahidiwa uwiano wa 1 kwa 100, hata 1 kwa 500, na tangazo huuandika kana kwamba ni zawadi. Uwiano wa 1 kwa 500 maana yake ni kwamba bei ikienda kinyume chako kwa asilimia 0.2, kiasi ambacho sarafu kubwa hukisogea ndani ya saa chache bila habari yoyote, fedha yako imekwisha. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliwawekea wateja wa kawaida kikomo cha 1 kwa 30 kwa sarafu kuu. Marekani ina kikomo cha 1 kwa 50 tangu 2010.

Fundi wetu wa gereji naye ana cha kueleza hapa. Bomba lile refu likizidi urefu, mkono hausikii tena ukinzani wa nati. Anaendelea kusukuma kwa raha, na ghafla boliti inakatika. Ndiyo maana mafundi waangalifu hulitumia kufungulia tu, kamwe si kukazia.

Limebaki suala la tafsiri, ambalo huwatoa jasho watu wa vyumba vya habari. Wengine huandika 'nyenzo', na kwa sarufi hawajakosea, kwani huo ndio wingi wa wenzo. Ila katika Kiswahili cha leo nyenzo ni vifaa na uwezo wa kufanyia kazi, jambo ambalo kila mtu analiomba na hakuna anayeliogopa. Kuandika kwamba kampuni ina nyenzo nyingi pale ambapo habari ilikuwa kwamba imezama katika madeni ni kumpa mwenye hisa pongezi wakati anastahili tahadhari. Bora kusema wazi: kiwango cha madeni kwa mtaji, au kukuza mtaji kwa mkopo. Kwa yule mwanasiasa wa mwanzo aliyekwenda kwenye mazungumzo mikono mitupu, wacheza karata walikwisha kutupatia neno zamani: hana turufu. Na katika zile ripoti za semina ambamo kila mradi unataka 'to leverage' wadau, rasilimali na teknolojia, mfasiri asijisumbue. Wanamaanisha kutumia.