Fidia

Neno hili lina asili ya Kiarabu, fidya. Mwislamu asiyeweza kufunga Ramadhani kwa uzee hulisha maskini mmoja kwa kila siku asiyofunga. Hiyo ndiyo fidia yake. Na ilikuwa pia mali ya kumkomboa mateka. Mahakamani limebaki na uzito huohuo: kulipia kisichorudishika.

Wanasheria huigawa mara mbili. Fidia mahsusi huja na risiti: dawa, nauli, mshahara uliokatika. Fidia ya jumla haina risiti, nayo hubeba maumivu, hofu, fedheha, usiku usio na usingizi. Magazeti yetu hupenda kuyaita hayo “usumbufu”. Siafiki. Usumbufu ni foleni ya benki. Mama anayeambiwa damu ya mwanawe ina sumu ya madini ya risasi hakusumbuliwa. Ameumizwa, na “maumivu ya moyo” yasemwe waziwazi.

Nawafikiria wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichowaletea sumu hiyo ya risasi. Walalamikaji wachache, wakisaidiwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walifungua kesi kwa niaba ya wote. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo, na Mahakama ya Juu ikairejesha 2024.

Kesi ya namna hiyo wengine huiita “kesi ya kundi”. Mimi nachagua “kesi ya uwakilishi”, kwa kuwa inataja kazi yenyewe: wachache kusimama mahakamani kwa niaba ya wengi wenye dai moja.